Kisigino, Kisu na Kiti cha Mlinzi

Wasomaji kadhaa wa safu hii, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, wameniuliza kwa nini nilinyamaza tangu mwezi Machi. Jibu ni fupi: nilifanyiwa upasuaji wa mguu. Nilidhani jambo hilo halihusiani na mambo tunayoyajadili hapa, lakini kadiri nilivyokaa kitandani, mguu ukiwa juu ya mito miwili, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba linahusiana nayo sana. Naomba radhi kwa mtakaoona kuwa kisigino cha mtu mmoja hakistahili nafasi ya uchambuzi wa bajeti. Bajeti nitaifikia.

Maumivu ya kisigino ni vigumu kumweleza asiyeyajua, kwa sababu aliye nayo haonekani mgonjwa. Mchana anatembea, anasalimia, anafundisha. Ni asubuhi ndipo anapolipa. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ni kama kukanyaga msumari. Unashika ukuta, unakwenda chooni kwa ncha za vidole kama mwizi ndani ya nyumba yako mwenyewe. Baada ya dakika kumi maumivu yanapungua, nawe unajidanganya kuwa yamekwisha. Yanarudi kila unapoinuka baada ya kukaa muda mrefu, na jioni yanakuwa ya kuunguza. Mimi hufundisha saa nne mfululizo mara tatu kwa wiki, juu ya sakafu ya terazo, nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli nyembamba. Kizazi chetu kililelewa kuamini kwamba mwalimu anayefundisha akiwa amekaa ameshaichoka kazi. Imani hiyo niliibeba kwa miaka ishirini na miwili, kisha kisigino cha kulia kikakataa kuendelea kuibeba.

Sitaficha upumbavu wangu wa mwaka wa kwanza. Muuza dawa wa mtaani aliniambia ni gauti, niache nyama nyekundu na maharage. Niliacha vyote kwa miezi mitatu, nikapungua kilo nne, na kisigino hakikujua habari hiyo. Shangazi yangu wa Tanga alinielekeza maji ya moto na chumvi. Yalinituliza usiku, asubuhi msumari ulikuwa palepale. Nilimeza diklofenaki mpaka tumbo likaanza kulalamika. Kisha nikachomwa sindano ya steroidi kwenye kisigino. Kwa wiki sita nilitembea kama kijana, nikaisifia sindano ile kwa kila mtu pale idarani. Maumivu yaliporudi nikaenda kuchomwa ya pili. Sikuwa nimeambiwa, wala sikuuliza, kwamba nafuu ya sindano hiyo mara nyingi ni ya muda, na kwamba ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha ukano hadi ukachanika, au kupunguza lile tabaka la mafuta linalokikinga kisigino kama godoro.

Hatimaye nikapigwa picha ya eksirei, ikaonyesha mwiba wa mfupa ukichomoza chini ya kisigino. Nilifurahi kupita kiasi, kwa kuwa sasa nilikuwa na adui mwenye sura. Nilikwenda kwa daktari bingwa wa mifupa nikiwa na picha mkononi na neno moja mdomoni: kata.

Alikataa.

Nataka kukaa kidogo kwenye kukataa huko, kwa sababu ndiko kulikonifundisha zaidi ya upasuaji wenyewe. Aliiweka picha pembeni bila kuitazama sana. Aliniambia kuwa watu wengi wanatembea na mwiba kama ule bila kusikia maumivu yoyote, na wengine wanaumwa vikali ilhali hawana mwiba. Alibonyeza kwa dole gumba upande wa ndani wa kisigino, mahali pamoja tu, nikaruka kitandani. Pale, alisema, ndipo unapoanzia ukano mpana unaopita chini ya wayo hadi kwenye vidole. Ukano huo ndio unaoshikilia upinde wa unyayo. Kila unapoinua kisigino ili kupiga hatua, vidole hukunjika kwenda juu na ukano hukazwa kama kamba inayozungushwa kwenye roda, upinde ukainuka na mguu ukawa imara kwa kusukuma. Mwingereza J. H. Hicks aliueleza utaratibu huo mwaka 1954, na mpaka leo ndio unaofundishwa. Sasa piga hesabu ya hatua za siku moja, ongeza saa za kusimama kwenye sakafu ngumu, ongeza kilo za mwili, ongeza misuli ya shavu la mguu iliyokakamaa. Ukano unachoka pale unaposhikana na mfupa. Kwa wengi tatizo si uvimbe wa ghafla, ni uchakavu uliokosa nafasi ya kujitengeneza.

Kisha akanipa hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunipa. Katika kila watu kumi wenye tatizo hili, wanane hadi tisa hupata nafuu bila kisu ndani ya mwaka mmoja hivi, ilimradi wafanye mazoezi na kubadili viatu. Upasuaji huzungumzwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya kujaribu kwa dhati. “Wewe, Mwalimu, umejaribu kwa dhati?” aliniuliza. Nilikuwa nimepewa karatasi ya mazoezi miezi mingi nyuma. Ilikuwa ndani ya gari, chini ya kiti.

Nilitoka pale nikiwa na hasira. Hasira yangu ndiyo hasira ya nchi nzima, nami sikuwa bora kuliko wengine: tunapima matibabu kwa uzito wa kitu tulichofanyiwa. Aliyepewa sindano ametibiwa, aliyepewa dripu ametibiwa zaidi, aliyepasuliwa ametibiwa kabisa. Aliyeambiwa avute vidole vyake kila asubuhi amedharauliwa. Na mifumo yetu ya malipo inafikiri hivyohivyo. Bima yangu, ambayo sitaitaja, iliidhinisha upasuaji kwa saini moja siku ulipofika. Kabla ya hapo ilikuwa imekataa kulipia soli maalumu za ndani, na kwa mtaalamu wa mazoezi tiba iliruhusu mahudhurio machache tu. Bima iko tayari kugharamia kisu kuliko kugharamia kile kinachoweza kukiepusha kisu.

Nikafanya mazoezi. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, unakaa ukingoni mwa kitanda, unaweka mguu juu ya goti la pili, unavuta vidole kuelekea kwako mpaka ukano ukaze, unahesabu hadi kumi, unaachia. Mara kumi, na mara tatu kwa siku. Mchana unasimama kwenye ngazi, kisigino kikining’inia, unakishusha taratibu na kukipandisha. Jioni unaviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo. Nilinunua pia makubadhi yenye soli nene ya kuvaa ndani ya nyumba. Hilo lilizua mjadala, maana kwetu viatu huachwa mlangoni na marumaru hukanyagwa kwa nyayo tupu, na mke wangu alitaka kujua kama daktari ndiye atakayekuja kupiga deki. Tulikubaliana kwamba makubadhi yale hayatatoka nje kamwe.

Miezi mitatu mingine ikapita. Nafuu ilikuja, lakini ilifika nusu ya njia ikasimama. Niliweza kufundisha saa moja, si mbili. Niliacha kwenda msibani kwa sababu ya kusimama makaburini. Nilianza kukataa kusimamia mitihani, na wenzangu wadogo wakabeba zamu zangu kwa heshima iliyonitia aibu. Miezi kumi na minane tangu siku ya kwanza, daktari yuleyule aliyenikatalia akasema sasa tunaweza kuzungumza.

Alinieleza kwamba angekata sehemu tu ya ukano, upande wa ndani, bila kuvuka nusu ya upana wake, ili mvutano pale kisiginoni ulegee. Ukikatwa wote upinde unaweza kuporomoka, na hata ukikatwa kiasi, mzigo huhamia upande wa nje wa mguu ukaanza kuuma mahali ambapo hapakuwa panauma. Kuna mishipa midogo ya fahamu inayopita jirani, ikiguswa hubaki ganzi. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Wengi hupata nafuu kubwa, wengine nafuu kidogo, wapo wachache wasiopata kabisa. Hakunihakikishia lolote. Ajabu ni kwamba kutonihakikishia ndiko kulikonifanya nimwamini.

Tulikaa na mke wangu siku mbili tukilipima. Shangazi alipiga simu: “Mwanangu, mguu haukatwi kwa sababu unauma, hukatwa kwa sababu umeoza.” Nilimweleza kuwa hawakati mguu. Alinyamaza, kisha akasema atanisomea dua.

Siku ya upasuaji nililetewa fomu ya ridhaa. Ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza cha kisheria. Nimesoma na kufundisha kwa lugha hiyo maisha yangu yote, lakini ilinibidi niisome mara tatu. Kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja kutoka Kisarawe, mvunjiko wa nyonga. Alionyeshwa pa kuweka dole gumba, akaweka. Sikumsikia mtu akimsomea. Nchi inayojisifu kwa Kiswahili kuliko nchi yoyote duniani inamwomba mzee huyo aridhie kwa lugha asiyoijua. Hapo hakuna ridhaa, kuna wino tu.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Ganzi ya mgongoni, pazia la kijani, mkato mfupi upande wa ndani wa kisigino, na kwa muda usiofika saa moja nilikuwa nje. Jioni hiyohiyo nilirudi nyumbani.

Kupona ndiko kwenye hadithi. Wiki mbili za kwanza sikuruhusiwa kukanyaga. Ukiwa na magongo mawili huna mkono wa kubeba kikombe cha chai. Chai inakufuata ulipo au huinywi. Choo chetu cha nje ni cha kuchuchumaa, cha ndani kina kizingiti kirefu, na nilijifunza kwamba nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa miaka tisa sikuijenga nikimfikiria mtu mwenye mguu mmoja. Ukumbi wetu wa mihadhara, kadhalika, una ngazi kumi na nne na hauna njia ya kiti cha magurudumu. Kwa miaka yote hiyo nilizipanda bila kuzihesabu. Wapo wanafunzi waliozihesabu tangu siku ya kwanza.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili, nikavaa kiatu kigumu cha kitabibu na kuanza kugusa ardhi. Wiki ya tano nilikata tamaa. Kisigino kilikuwa kimetulia, lakini upande wa nje wa mguu ulianza kuuma, kama nilivyoonywa, na usiku mmoja nilimwambia mke wangu kwamba nimenunua maumivu mapya kwa bei ya yale ya zamani. Alinijibu kwamba angalau haya mapya hayaniamshi. Ilikuwa kweli, sikuwa nimeliona. Wiki ya nane niliacha magongo. Wiki ya kumi na mbili nilirudi darasani, nikifundisha nimekaa kwenye kiti kirefu, na hakuna mwanafunzi aliyeonekana kupungukiwa na elimu. Leo ni mwezi wa sita. Kipande cha ngozi upande wa ndani wa kisigino bado ni ganzi. Asubuhi nyingi nashuka kitandani bila kushika ukuta. Nikiulizwa kama ningefanya tena, nasema ndiyo, lakini ningeanza na ile karatasi iliyokuwa chini ya kiti cha gari.

Sasa nije kwenye sababu hasa ya makala hii.

Siku niliyorudi kazini nikiwa na gongo moja, mlinzi wa lango la jengo letu, mama wa makamo ambaye tumesalimiana kwa miaka mingi, alinipokea mkoba na kunipa pole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia, visigino vyote viwili, mwaka wa tatu sasa. “Asubuhi natambaa, Mwalimu.” Aliuliza operesheni ni shilingi ngapi. Nikamtajia kiasi nilichokiona kwenye karatasi za bima, akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo. Swali lake la pili ndilo lililonikaa moyoni: “Na umekaa nyumbani siku ngapi?” Nilimwambia wiki kumi na mbili, kwa mshahara. Alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

Kwenye karatasi, nchi hiyo ni moja na yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi thelathini na sita: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi awe na cheti cha daktari. Mama yule ameajiriwa na kampuni ya ulinzi inayopewa zabuni na taasisi yetu, na mkataba wake, alivyonieleza, huhuishwa kila baada ya miezi michache. Anajua nini kitatokea siku ya kuhuisha kama alikuwa nyumbani na mguu juu ya mito. Haki anayo, ila hawezi kuitumia bila kuihatarisha kazi inayompa haki hiyo. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua jinsi mikataba hiyo inavyoandikwa, kwa sababu baadhi yenu ndio mnaoiandika.

Na sasa aibu yangu. Miaka miwili kabla ya upasuaji nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopitisha waraka wa “nidhamu ya ulinzi” katika majengo yetu. Kifungu kimoja kiliondoa viti langoni, kwa hoja kwamba mlinzi aliyekaa huonekana mvivu mbele ya wageni. Hakuna aliyepinga. Tulikuwa watu tisa, wote tumekaa, kwenye viti vyenye magurudumu na migongo ya kuegemea, tukaamua kwamba mtu mwingine asimame saa kumi na mbili. Nilisaini. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kunguni nilimjua baada ya kukiondoa kiti cha mwenzangu.

Watakaosema kwamba mlinzi akikaa atalala, nawaheshimu, ila nawauliza: wamewahi kumwona askari wa zamu ya usiku akisinzia amesimama, kaegemea nguzo? Kinachoondoa usingizi ni zamu yenye saa za kibinadamu, si mateso ya nyayo. Kiti kirefu cha kuegemea nusu, kile ambacho kinampa mtu uwezo wa kuinuka mara moja, hakimnyimi mtu macho. Wala hili si wazo langu jipya. Mkataba Na. 120 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964, unaohusu usafi na afya katika maduka na ofisi, unasema katika ibara ya 14 kwamba wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na nafasi ya kuvitumia. Katika jimbo la Kerala, India, wanawake wauzaji wa maduka ya nguo waliokuwa wakikatazwa kukaa zamu nzima waliendesha harakati kwa miaka mpaka sheria ya maduka ikarekebishwa mwaka 2018. Tamil Nadu ikafuata mwaka 2021. Harakati hizo zilidai kiti tu. Wanaharakati wetu, ambao mna mazoea ya kuanza na Katiba, mnaweza siku moja kuanza na kiti. Pita Kariakoo mhesabu wasichana wanaosimama mbele ya maduka kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi.

Niliahidi bajeti. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuelekeza asilimia 15 ya bajeti zao kwenye afya. Ahadi hiyo ina zaidi ya miaka ishirini na mataifa mengi yangali mbali nayo. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni tano duniani hawana uhakika wa upasuaji salama wanaoumudu. Nasi mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ninaiunga mkono bila kigugumizi. Lakini mjadala wake umekuwa wa nani atachangia kiasi gani, na umekuwa mfupi sana kuhusu kitakacholipiwa. Mazoezi tiba yakiachwa nje au yakiwekwa kwa kijiko, tutalipia kisu kwa watu wanane ambao wangepona bila kisu, na tutawanyima kisu wawili wanaokihitaji kwa sababu fedha zimekwisha. Na bima, hata ikilipia kila kitu, hailipi zile wiki kumi na mbili. Hizo zinalipwa na mkataba wa kazi au hazilipwi kabisa.

Nilirejesha hoja ya kiti kwenye kamati mwezi wa saba. Kikao kimeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Jumatatu ya wiki iliyopita nilichukua stuli ndefu kutoka ofisini kwangu, ileile niliyofundishia, nikaishusha langoni. Mama alinishukuru, akaitumia siku mbili, akiinuka kila mgeni alipopita ili asionekane. Jumatano haikuwapo. Nimeuliza ilikokwenda. Nimejibiwa kwa adabu kwamba ipo stoo, inasubiri barua.

Barua nimeiandika leo asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi nimeomba iingizwe kwenye jalada kwamba waraka ule ulikuwa na saini yangu.